Ikikosea, utajuaje?

Haya ni maneno kuhusu AI, yaani akili mnemba, niliyoongea kwenye mkutano wa wafanyabiashara na watu wa afya, nayaweka yote hapa kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha za kwenye skrini nimeziacha, hamjapoteza kitu maana nyingi zilikuwa mapambo tu.

Ndugu mwenyekiti, asante. Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Naona watu wa biashara mmekaa upande huu na watu wa hospitali upande ule, sawa tu, lakini leo nitawachanganya kwa sababu tatizo lenu ni moja.

Hebu niwaulize. Nani humu hajawahi kufuatwa na mtu anayemuuzia AI mwaka huu? Nyoosha mkono. Naona mmoja, na yeye nadhani alizima simu. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 kila programu ina AI, ya mahesabu ina AI, ya kupanga zamu za manesi ina AI, mpaka ile iliyokuwa inakusumbua mwaka juzi imebadilishwa jina tu na sasa nayo ina AI. Na tunaisifia kweli, halafu mgema akisifiwa mnajua tembo analifanyaje.

Mimi sikuja kuuza na sikuja kutisha watu. Nimekuja na swali moja na nitalirudia mpaka mlichoke: ikikosea, utajuaje? Sijauliza kama itakosea. Itakosea, hilo tusibishane, hata daktari bingwa anakosea na hata mhasibu aliyezeeka kazini anakosea. Nauliza utajuaje. Leo jioni? Mwezi ujao? Au siku mgonjwa anarudishwa amebebwa?

Nianze na pale ilipofanya vizuri, tena vizuri kweli kweli, maana kuna watu wakisikia maswali kama haya wanadhani mtu ni mpinzani wa teknolojia.

Protini. Watu wa biashara vumilieni dakika mbili. Protini inaanza kama uzi mrefu wa amino asidi, ule uzi unajikunja, na umbo linalopatikana ndilo linaloamua protini inafanya kazi gani mwilini na dawa itashika wapi. Kulipata umbo la protini moja tu maabara kulikuwa kunakula miezi, wakati mwingine miaka. Sasa tangu 1994 wanasayansi wana mashindano kila baada ya miaka miwili, yanaitwa CASP, na utaratibu wake ni mtamu: kuna protini ambazo umbo lake limeshapatikana maabara lakini halijatangazwa, washindani wanapewa ule uzi tu, wanatabiri, halafu majibu yanafunguliwa. Huwezi kuchungulia. Mwaka 2020 AlphaFold, programu ya AI ya DeepMind, kampuni ya Google, ikaingia ikawaacha wengine mbali mno. Mwaka 2022 wakaweka hadharani maumbo zaidi ya milioni 200, bure, na Oktoba 2024 Demis Hassabis na John Jumper wakapata nusu ya tuzo ya Nobel ya kemia, nusu nyingine akachukua David Baker kwa kazi yake ya kubuni protini mpya.

Wote tunaisimulia hii hadithi kama hadithi ya kompyuta yenye akili nyingi. Mimi naisoma tofauti. Yale mashindano yalikuwepo zaidi ya miaka 20 kabla AlphaFold haijashinda! Kipimo kilitangulia, mashine ikaja baadaye. Na kitu kingine ambacho watu hawakisemi, AlphaFold ikikupa umbo inakupa pia alama za uhakika kipande kwa kipande, yaani inakuambia hapa nina uhakika, hapa hapana, hapa usinitegemee kabisa. Programu ngapi mlizouziwa zinafanya hivyo? Ya kwako inakuambia lini haijui?

Au chukua antibiotiki. Mwaka 2020 watu wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, waliifundisha modeli, yaani programu ya AI, kwa kuionyesha molekuli zaidi ya 2,000 ambazo walishazijaribu maabara kuona ipi inazuia bakteria na ipi haizuii, kisha wakaiambia ipitie maktaba ya molekuli kama 6,000 ichague. Ikachagua moja ambayo zamani ilikuwa inachunguzwa kwa ajili ya kisukari, hakuna aliyekuwa anaifikiria kama antibiotiki, wakaiita halicin. Wakaiweka kwenye kisahani chenye bakteria, ikaua. Wakaijaribu kwa panya walioambukizwa bakteria sugu, ikafanya kazi. Haijawa dawa ya kuandikiwa mgonjwa, hilo mjue, njia bado ndefu, lakini angalia jinsi ile modeli ilivyopewa kazi: ipendekeze tu, na kisahani kiseme ndiyo au hapana siku chache baadaye. Ikikosea, utajuaje? Bakteria watakuambia, wamejaa sahani nzima.

Sasa tuingie wodini.

Geoffrey Hinton, huyu ndiye aliyegawana Nobel ya fizikia ya 2024 na John Hopfield, mwaka 2016 alisema hadharani kwamba vyuo viache kufundisha madaktari wa radiolojia, wale wanaosoma picha za eksirei na nyinginezo, ndani ya miaka mitano au labda kumi mashine itawashinda. Miaka mitano ikapita. Kumi nayo hiyo. Mmewaona madaktari wa radiolojia wakizurura mtaani wanatafuta kazi? Hospitali nyingi duniani zinawatafuta haziwapati! Simcheki mzee, alikuwa sahihi kuhusu picha, akasahau kwamba kusoma picha ni sehemu tu ya kazi ya yule daktari.

Waswidi walifanya jambo la busara zaidi. Kwao picha ya uchunguzi wa saratani ya matiti ilikuwa inasomwa na madaktari wawili, kila picha. Kuanzia 2021 wakachukua wanawake zaidi ya 100,000, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wasomewe kwa utaratibu wa zamani, nusu AI ipitie kwanza itoe alama ya hatari, picha yenye alama ndogo isomwe na daktari mmoja, yenye alama kubwa isomwe na wawili. Majibu yaliyotoka 2025 yanasema upande wa AI walikamata saratani nyingi zaidi kwa 29%, kazi ya kusoma ikapungua kwa 44%, na wanawake walioitwa bure kwa hofu ya bure hawakuongezeka kwa kiasi cha kuhesabika. Naomba muitazame ile nusu nyingine, wale waliosomewa kizamani. Bila wao namba zote hizi ni porojo, maana ungelinganisha na nini?

Halafu kuna hii ya Thailand ambayo naipenda kuliko zote kwa sababu haina mshindi.

Google walikuwa na modeli ya kusoma picha ya nyuma ya jicho kwa watu wenye kisukari, kutafuta yale madhara ya retina yanayopofusha. Kwenye majaribio modeli ilikuwa inakaribiana na wataalamu, zaidi ya 90%. Wakaipeleka kwenye kliniki 11 Thailand na, hapa nawapa heshima, wakatuma watu wakae waangalie kinachotokea na wakachapisha walichokiona, 2020. Kimetokea nini? Nesi ana foleni. Chumba hakina giza la kutosha, picha inatoka na ukungu. Yeye kwa macho yake anaona kabisa hili jicho halina shida, lakini modeli inaikataa picha, haisomeki, kwa hiyo mgonjwa anaambiwa aende kwa mtaalamu wa macho mahali pengine siku nyingine, mtu ambaye ameshaomba ruhusa kazini kuja hapa. Zaidi ya picha moja kati ya kila tano zilikataliwa hivyo. Na picha zinatumwa kwa intaneti, intaneti ikiwa nzito foleni inasimama, siku moja ilikatika kama masaa mawili wakahudumia wagonjwa 100 badala ya 200.

Mtu atasema basi imefeli. Mimi nasema ngoja kwanza, ile mashine ilikataa kubahatisha. Ingeweza kusema "mzima" kwenye picha yenye ukungu na foleni ingetembea vizuri na wote tungefurahi mpaka mtu apofuke. Waliokosea ni waliodhani modeli ikishapimwa ofisini basi kliniki nayo imepimwa. Kliniki haikupimwa. Taa haikupimwa, nesi hakupimwa, waya wa intaneti haukupimwa.

Walio karibu zaidi na somo hili ni Penda Health, wenye kliniki Nairobi, mwaka 2025, pamoja na OpenAI, hao waliotengeneza ChatGPT. Kliniki 15, mahudhurio karibu 40,000. Tabibu anaandika kwenye faili la kompyuta kama kawaida, programu inasoma nyuma kimya kimya, inawasha kijani kama haioni tatizo, njano kama ina ushauri, nyekundu kama inaona hatari, na nyekundu lazima uisome kabla hujaendelea. Mwanzoni watu walikuwa wanaziona nyekundu wanazipita, kila mtu ana foleni, nani ana muda wa kubishana na kompyuta. Mambo yalibadilika walipowekwa matabibu wenzao wa kukaa nao kuwaelekeza na kuwauliza mbona hii nyekundu umeiacha. Kisha madaktari wa nje wakapitia sehemu ya mafaili, kwa matabibu wenye programu makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalikuwa pungufu kwa 16% na ya matibabu kwa 13% kuliko kwa wasio nayo. Msisahau waliotengeneza modeli walikuwa sehemu ya utafiti, na kwa wagonjwa wenyewe, kupona kwao, tofauti haikuwa kubwa ya kutosha kusema ni AI. Lakini hata hivyo, hapa kuna mtu alijali kuhesabu.

Watu wa biashara mnasinzia, amkeni, zamu yenu.

Zillow, kampuni ya Marekani ya mambo ya nyumba. Walikuwa na programu ya kukadiria bei ya nyumba, watu wakaizoea, wakaamua sasa tuitumie kununua nyumba wenyewe tuuze kwa faida. Novemba 2021 wakafunga biashara ile, wamepunguza kwenye vitabu vya hesabu thamani ya nyumba walizonunua kwa zaidi ya dola milioni 300 kwenye robo moja ya mwaka, na robo ya wafanyakazi wakaambiwa kwaheri. Ikikosea utajuaje? Kwa Zillow jibu lilikuwa "tukiuza," na kuuza nyumba ni miezi, na hiyo miezi yote programu inaendelea kununua nyingine na nyingine kwa bei ile ile ya makosa. Kisahani cha bakteria kinajibu baada ya siku chache, nyumba inajibu ukiwa umeshazama.

Air Canada, shirika la ndege, hiyo nyingine. Mteja amefiwa na bibi yake, anauliza chatiboti ya kwenye tovuti kuhusu nauli ya punguzo la msiba, chatiboti inamjibu vizuri kwa upole kabisa, kata tiketi usafiri, punguzo utaomba baadaye ndani ya siku 90. Uongo. Sera ya kampuni ilikuwa punguzo haliombwi ukishasafiri. Akaomba wakamkatalia, akaenda kwenye baraza la usuluhishi, na kampuni ikajitetea, nisikilizeni vizuri hapa, ikajitetea kwamba ile chatiboti ni kitu kinachojitegemea chenye wajibu wake chenyewe kwa matendo yake! Baraza likakataa, Februari 2024, likaamuru alipwe kama dola 812 za Kanada. Hela ndogo. Lakini kampuni ilijuaje kwamba chatiboti yake inadanganya wateja? Mteja alipiga picha ya skrini. Ndiyo hivyo tu. Asingepiga picha ingekuwa neno lake dhidi ya neno la kampuni, na wangapi walijibiwa vile wakaondoka zao wamenyamaza?

Nikiwaambia hivi mtu ananijibu, bwana mimi naiona kazi inaenda haraka, naiona kwa macho yangu. Sawa. Mwaka 2025 shirika la METR lilichukua waandishi wa programu 16, watu wazoefu kwenye miradi yao wenyewe, kazi nyingine wafanye na AI, nyingine bila, kwa kura. Walipomaliza wakaulizwa, wakasema AI imewaharakisha kama 20%. Saa ilisema nini? Wamechelewa kwa 19%. Yaani mtu ametumia muda mrefu zaidi, na ameapa kwamba ametumia mfupi, na hadanganyi, ndivyo alivyohisi. Kuhisi sio kipimo ndugu zangu. Na isitoshe kuna utafiti mwingine wa 2023, wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000, huko AI iliongeza matatizo yanayotatuliwa kwa saa kwa 14%, na wageni kazini wakapanda kama 34% huku wakongwe karibu hawakuguswa. Sasa ya kwako itakuwa kama hii au kama ile? Hujui mpaka uhesabu.

Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, wao walihesabu, lakini walihesabu kitu kimoja. Februari 2024 walitangaza msaidizi wao wa AI anafanya kazi ya watu 700, mazungumzo milioni 2.3 mwezi wa kwanza, dunia nzima ikaandika. Mwaka uliofuata bosi wao Sebastian Siemiatkowski akakubali kwamba walitazama mno gharama, ubora ukashuka, wakaanza tena kutafuta watu wa kuongea na wateja.

Na hapa ndipo upande huu na ule mnapokutana. Mwaka 2019 lilichapishwa jambo kuhusu programu iliyokuwa inatumika hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada, programu iliyogusa mamilioni ya watu. Waliotengeneza walihitaji kukisia nani atakuwa mgonjwa zaidi, na ugonjwa ni mgumu kuuhesabu, kwa hiyo wakakisia nani atagharimu zaidi. Inaonekana akili, si ndiyo? Mgonjwa zaidi, gharama zaidi. Ila Mmarekani mweusi mwenye ugonjwa ule ule alikuwa anatumiwa pesa kidogo kuliko mzungu, kwa sababu huduma zenyewe hazimfikii sawasawa. Programu ikaona gharama ndogo ikasema huyu mzima. Watafiti walipokadiria kurekebisha hiyo kasoro, weusi kwenye kundi la kupewa msaada walitoka 17.7% wakafika 46.5%. Na nataka mnielewe, ile programu kwenye hesabu yake yenyewe haikuwa na kasoro! Ilikisia gharama na kwa wastani gharama zikatokea kama ilivyokisia. Ukiiuliza ikikosea utajuaje, wenye nayo wangekuonyesha ripoti safi kabisa. Walikuwa wanapima kitu kingine.

Kuna hili la kuandika maongezi ya daktari na mgonjwa, najua wengi mnalitaka na mimi nalitaka, nani anapenda kuandika mafaili usiku. Ila watafiti 2024 walipima programu maarufu ya kugeuza sauti kuwa maandishi wakakuta kama 1% ya rekodi ina sentensi ambazo hakuna mtu aliyezisema. Moja kwa mia sio mbaya, mtasema. Lakini wapo wanaouza huduma hii ambao wanafuta sauti ikishaandikwa, wanasema ni kwa usiri wa mgonjwa, na hoja yao ina uzito wake. Sasa sauti haipo, umebaki na maandishi. Yale maneno ambayo hayakusemwa utayakutaje?

La mwisho ndilo linaloninyima raha, na jibu lake sinalo.

Ukiuliza wauzaji swali langu wengi watakujibu kirahisi: binadamu atakagua, daktari yupo, meneja yupo. Vizuri. Agosti 2025 ulitoka utafiti wa Poland, madaktari wanaotafuta vivimbe kwenye utumbo mpana kwa kamera. Waliletewa AI ya kuwaonyesha vivimbe kwenye skrini. Watafiti wakaangalia uchunguzi uliofanywa bila AI, kabla AI haijaja na baada ya madaktari kuizoea. Kabla, walikuwa wanakuta vivimbe vya hatari kwa wagonjwa 28.4 kati ya 100. Baada ya kuizoea, ikizimwa, 22.4. Madaktari wale wale, tena wazoefu, sio wanafunzi. Ni utafiti mmoja na haukuwa wa bahati nasibu kama ule wa Waswidi, huenda kuna sababu nyingine ndani yake. Lakini fikirini: yule mtu tuliyemweka pembeni akague mashine, macho yake yanafifia kwa sababu ya mashine ile ile. Miaka kumi ijayo kuna daktari kijana ambaye hajawahi kukitafuta kivimbe peke yake hata siku moja, na kuna mhasibu ambaye hajawahi kufunga hesabu za mwezi kwa mkono. Huyo atakagua nini?

Kwa hiyo mkirudi kazini, kabla hujasaini mkataba wowote, chukua mafaili yako ya zamani ambayo majibu yake unayajua tayari, ya wagonjwa wako, ya wateja wako, na yale magumu yaliyowahi kukusumbua yatie humo, toa majina, mpe muuzaji ayapitishe kwenye mashine yake mbele yako. Akisema haiwezekani, umeshapata jibu. Akikubali, hesabu wewe mwenyewe, usimwachie ahesabu yeye. Kisha uliza maongezi yote na maamuzi yote yanatunzwa wapi na kwa muda gani, na nani kwenu ana muda, namaanisha muda ulioandikwa kwenye ratiba na unaolipwa, wa kuyapitia kila wiki. Na hao wakaguzi wapangieni siku za kufanya kazi mashine ikiwa imezimwa. Najua meneja hatalipenda hili la mwisho, linapunguza kasi, mtabishana naye.

Mwenyekiti ananionyesha saa na bado nilikuwa na habari za maabara ya dawa hapa, nitaziacha. Dada uliyenyoosha mkono tangu niliposema nesi na foleni, maikrofoni inakuja, uliza.